Samadi ya Boma la Alute

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa ishirini na nne tu, na kwenye jalada lake kulikuwa na picha ya mkulima aliyevaa viatu. Hivyo viatu ndivyo vilivyowachekesha watu wa kijiji cha Umoja kabla hata ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. "Huyu analima au anakwenda kanisani?" aliuliza mama mmoja, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Elina naye alicheka, kisha akagonga ubao na kuwaomba watulie, maana jua lilikuwa limekwisha kuinama na watu walikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Darasa la kisomo lilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta. Elina alifundisha hapo siku tatu kwa juma bila mshahara, kwa sababu alikuwa amesoma hadi darasa la saba na kijiji hakikuwa na mwingine. Kitabu kililetwa na bwana shamba Fabiano, kijana mpole aliyekuja kwa baiskeli kutoka Sepuka kila baada ya wiki mbili. Kazi ya kitabu ilikuwa kumweleza mkulima maneno ya kilimo: palizi ni nini, mbolea ya chumvichumvi ni nini, kilimo cha mzunguko ni nini. Elina alisoma kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kinyaturu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wamelima miaka mingi kuliko umri wake.

"Kupunguza miche," alisoma siku moja, "ni kung'oa miche iliyosongamana ili inayobaki ipate nafasi na chakula."

"Tunajua," walijibu.

"Kilimo cha mzunguko ni kutopanda zao lilelile mahali palepale kila mwaka."

"Tunajua," walijibu tena, na sasa walikuwa wanamwonea huruma.

Aliyekuwa mtundu kuliko wote alikuwa mama yake mzazi. Martina alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, miguu yake imevimba magoti, lakini hakukosa darasa hata siku moja. Herufi hazikumwingia na wala hazikumsumbua. Alikuja kumsikiliza binti yake, na kumchokoza. Elina aliposoma kwamba samadi ni mavi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yaliyochanganyika na mkojo na majani makavu, na kwamba huongeza rutuba ya udongo, mama yake aliinua mkono kwa adabu zote.

"Mwalimu, kwa hiyo serikali nayo imeyaona mavi ya ng'ombe?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walikuwa na haki ya kucheka. Wanyaturu wameishi na samadi toka enzi na enzi. Uwele wao ulikaa kando ya nyumba, katika ardhi iliyonona kwa miaka ya mifugo, na mtu alihesabiwa kuwa na shamba kwa sababu alikuwa na boma. Kicheko kile, hata hivyo, kilikuwa na uchungu ndani yake, na kila mtu aliujua. Mashamba yale yalibaki kule walikotoka. Mwaka wa sabini na nne walihamishwa wote wakaletwa hapa, kwenye mistari ya nyumba iliyopimwa kwa kamba, juu ya kichanga cheupe kisichoshika hata maji. Msimu wa kwanza uwele ulifika magotini ukasimama. Walikula unga wa njano wa msaada, na wazee wawili hawakuuona mwaka uliofuata.

Kwa hiyo Elina alipofika kwenye maneno "samadi iliyoiva", hakuna aliyecheka tena. Alieleza vizuri sana siku ile, na ukweli ni kwamba alijisikia fahari. Samadi mbichi huunguza mmea, alisema. Samadi iliyoiva haina harufu, ni nyeusi, inamomonyoka mkononi. Na ili waelewe zaidi, aliongeza jambo ambalo halikuwamo kitabuni.

"Hakuna samadi iliyoiva kama ile ya chini kabisa katika boma la zamani. Ile ambayo ng'ombe wameikanyaga miaka kumi."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mughwai, alikuwa amekaa nyuma akisikiliza. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, na ule mwaka wa njaa ulimwondoa usingizi kuliko mtu yeyote. Alisimama, akavua kofia.

"Mwalimu umesema kweli. Na maboma ya zamani tunayo. Yako kwenye mahame yetu, hayana ng'ombe, hayana mtu. Tunangoja nini?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa maneno ya Elina mwenyewe. Mkutano wa kijiji ulikaa siku ya Jumapili na kukubali: kabla ya mvua, samadi yote ya mahame iliyo ndani ya maili tatu ichimbwe, ipakiwe kwenye magari ya ng'ombe, imwagwe kwenye shamba la kijiji. Kulikuwa na jambo moja gumu, na Mughwai hakulikwepa. Kwa desturi ya watu hawa, mwenye mji, yaani baba wa nyumba, akifa huzikwa ndani ya boma la ng'ombe wake. Hawekewi jiwe wala msalaba. Ng'ombe hukanyaga juu yake mpaka pawe sawa na pengine pote, na mahali penyewe hubaki katika vichwa vya watu wa nyumba ile. Mkutano uliamua kwamba kila ukoo utoe mtu wa kuonyesha kaburi lilipo, na hapo pasiguswe.

Jioni ile Martina alimwita binti yake wakiwa jikoni. Hakuwa na utani.

"Wachimbe wanakotaka. La baba yako, hapana."

"Mama, watu wote wametoa maboma yao."

"Wao wana ya kwao. Alute alizikwa na ngozi ya fahali wake, nilimfunga mimi kwa mikono hii. Tulipoondolewa pale sikumuaga vizuri. Nilimwambia tu, kaa hapo, nitarudi. Sijarudi. Angalau asisumbuliwe."

"Sawa mama. Hatasumbuliwa."

Aliahidi kwa moyo mweupe, na ahadi ile ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi Mughwai alimfuata Elina darasani. Maboma saba yalikuwa yamekwisha, na samadi haikutosha hata nusu ya shamba. Boma la Alute ndilo lililokuwa na kina kuliko yote, alisema; marehemu alikuwa na ng'ombe arobaini na wanne. Watu walikuwa wameanza kunong'ona. Mbona wao wametoa maboma ya baba zao na la baba yake mwalimu limeachwa? Si yeye aliyetufundisha?

"Sikulazimishi, binti yangu," alisema. "Kama kaburi unalijua, tuonyeshe, tutaliacha na nafasi kubwa kulizunguka. Kama hulijui, tumuulize mama."

Hapo ndipo Elina angeweza kusema: tumuulize mama. Maneno mawili tu. Lakini alijua mama atakachojibu, na aliona aibu mbele ya darasa lake, na tena alikuwa na hakika.

"Nalijua," alisema. "Mama miguu yake haimruhusu. Nitakuja mimi."

Alilijua kweli, kwa jinsi alivyoambiwa. Baba yake alipofariki, mwaka wa sitini na nane, Elina alikuwa ameolewa huko Rungwa, kwa mfuga nyuki, mwendo wa siku nyingi. Habari ilimfikia wiki tatu baada ya maziko. Mji ule ulikuwa mpya kwake, kwa sababu Alute aliuhamia baada ya binti kuondoka kwenda kuolewa. Alikaa pale siku nne za kulia, na siku ya mwisho mama yake alimshika mkono, akamwingiza bomani na kumwonyesha. Ukiingia langoni, mkono wa kuume, hatua nane. Hapo. Elina aliyashika maneno hayo. Mumewe alipokufa na yeye kurudi kwao, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tano, mji haukuwapo tena. Aliambiwa mama yako yuko Umoja, mstari wa tatu.

Walikwenda kesho yake asubuhi, watu kumi na wanane na magari matatu ya ng'ombe. Elina alimwambia mama yake kwamba wanakwenda kwenye hame la jirani. Mama yake alikuwa anapepeta mtama mlangoni, akamwambia achukue maji ya kutosha.

Hame la Alute lilikuwa limebaki kidogo sana. Nyumba za tembe zilibomolewa ili nguzo zikajengee kijijini, na kuta zilikuwa zimerudi kuwa udongo. Ua wa miiba wa boma bado ulisimama, mweusi, umeliwa na mchwa, na upande mmoja tu ulikuwa wazi, kwa upana wa kutosha ng'ombe wawili kupita pamoja. Elina aliingia hapo. Alisimama kidogo, akasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia. Kisha akageuka mkono wa kuume, akahesabu hatua nane, akachomeka fimbo. Alichomeka nyingine tatu kulizunguka eneo, kubwa kuliko kaburi mara nne, akafunga kamba ya katani.

"Humu ndani asiingie mtu hata kwa kijiko," alisema.

Mughwai alivua kofia mbele ya kamba ile, na wengine wakafanya hivyo. Kisha wakaanza upande wa pili.

Samadi ilikuwa kama alivyoifundisha. Juu ilikuwa kavu na nyepesi, lakini chini ya futi mbili ilikuwa nyeusi, laini, haina harufu, na watu waliichota mkononi wakamwonyesha mwalimu kwa furaha. Elina alifurahi pia. Lazima lisemwe hilo. Kwa saa tatu alikuwa mtu mwenye furaha, anaimba na wenzake, anapokea makarai na kupakia, akifikiria uwele utakaosimama hadi mabegani. Gari la kwanza liliondoka, likafuata la pili. Kitabu kilisema samadi ifukiwe siku hiyohiyo jua lisije likaikausha, na Elina ndiye aliyekisoma. Kwa hiyo trekta la kukodi lilikuwa linangoja shambani, na kila gari lilipomwaga, watu walisambaza kwa majembe na trekta likapita juu yake.

Ilikuwa karibu saa sita Esta alipopiga kelele. Esta alikuwa jirani yao, mama mnene mwenye kucheka ovyo, na mwanzoni watu walidhani ni nyoka. Alikuwa amelitupa karai. Ndani yake, katikati ya ile samadi nyeusi, kulikuwa na kikuku cha shaba, na kikuku kilikuwa bado kimezunguka mfupa.

Elina alisogea, akapiga magoti. Alikijua kikuku kile. Alikuwa amekichezea akiwa mtoto, amekaa mapajani pa baba yake, akikizungusha kwenye mkono uliokuwa na mishipa minene. Pembeni, ukutani mwa shimo, kilionekana kipande cha ngozi iliyooza.

"Lakini ni kule," alisema, akionyesha fimbo na kamba. "Ni kule. Hatua nane."

Mughwai alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu alianza kuuzunguka ua kwa ndani akipapasa miiba kwa fimbo yake. Upande wa machweo alisimama. Miiba ya pale ilikuwa tofauti na mingine; haikuwa imechomekwa ardhini, ilikuwa imerundikwa, matawi juu ya matawi, kama mtu anavyoziba mlango.

"Lango lilikuwa hapa," alisema taratibu. "Pale ulipoingilia walipabomoa mgambo siku ya kuhama, ili ng'ombe wapite njia ya mkato."

Mtu alikimbizwa shambani kulizuia trekta, maana kichwa na kifua havikuwamo tena shimoni. Alirudi akihema na kusema ameshachelewa. Magari yote mawili yamemwagwa, yamesambazwa, yamefukiwa, na katika eneo lile kulikuwa na samadi ya maboma mengine saba. Walichokipata kwenye shimo walikikusanya wenyewe kwa mikono, polepole, wanaume kwa wanawake. Kilienea kwenye kanga moja ya Esta, na kilikuwa cha upande wa miguu, na mkono mmoja. Walikizika tena palepale. Elina hakulia. Alifukia kwa viganja, na aliposhikwa bega ainuke, hakuinuka mpaka aliposhikwa mara ya tatu.

Alirudi kijijini peke yake. Mughwai alitaka kufuatana naye akamwambie mama, kama mwenyekiti na kama mzee, lakini alikataa. Martina alikuwa bado mlangoni na ungo wake. Aliona magoti ya binti yake yamejaa samadi, akaweka ungo chini.

Elina alieleza yote, tangu aliposema "nalijua". Hakuficha hata uongo wa asubuhi. Mama yake alisikiliza akitazama mikono yake mwenyewe.

"Uliingilia wapi?" aliuliza mwishoni.

"Langoni, mama. Palipokuwa wazi. Upande wa jua kuchomoza."

"Lango letu lilitazama machweo. Nililiziba kwa miiba mimi mwenyewe siku ile ya kuhama. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupanda kwenye lori, wananiita. Nilisema siwezi kuondoka na kumwachia mlango wazi."

Elina alijitupa miguuni pake. Aliomba msamaha kwa Kinyaturu, kwa Kiswahili, kwa jina la Mungu na la baba. Mama yake alimwacha alie. Hakumpiga, hakumfukuza, wala hakumshika kichwa.

"Nilikuwa hapa," alisema Martina. "Siku zote tisa nilikuwa hapa. Unalala mkono huu, mimi nalala mkono huu. Asubuhi nimekwambia uchukue maji, ukaniitikia. Hukuniuliza, Elina. Kitabu ulikiuliza, mimi hukuniuliza."

Baada ya siku ile hakuja tena darasani. Wala hakumnunia binti yake, na hilo lilikuwa gumu kuliko kununa. Alimpikia, alimwitikia salamu, alimtafutia dawa alipoumwa jino. Lakini utani ulikwisha kabisa, na nyumba ilikaa kama nyumba ya wageni wawili.

Mvua zilikuja mapema Desemba na zilikuwa nzuri. Uwele wa shamba la kijiji uliota kwa namna ambayo watu walikuwa wamesahau, na bwana shamba Fabiano alisimama kando yake na kutikisa kichwa kwa raha, kisha akakumbuka, akageukia baiskeli yake. Ulipofika wakati wa palizi kila mtu aligawiwa kipande chake. Martina alifika na jembe begani. Alikwenda hadi ukingoni mwa shamba, akasimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Aliinua mguu mmoja, akaurudisha. Watu walisimamisha kazi wakimtazama, na wote walielewa kwamba hajui akanyage wapi. Mughwai alimwambia kwa heshima kwamba halazimiki. Alirudi nyumbani, na toka siku hiyo Elina alipalilia vipande viwili, akilima kwa kuinama sana, macho ardhini, na kila jembe lilipogonga jiwe mwili wote ulimsisimka.

Siku moja ya Februari, mvua imewazuia ndani, mama yake alimwambia alete daftari.

"Mimi nitakufa," alisema, kama mtu anayesema kesho atakwenda kisimani. "Nikifa, kichwa kilichokuwa kinajua alipo baba yako kimekwisha. Wewe unajua kuandika. Andika alipo, wajukuu wakiuliza wasome."

Elina alichukua kalamu. Aliandika jina la baba yake, akaandika na mwaka. Kisha mkono ukasimama. Mama yake alingoja. Mvua ilipiga juu ya paa la udongo na tone moja likaanza kuvuja karibu na mafiga.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

"Alute, alikufa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na nane." "Miguu yake na mkono mmoja viko katika boma lake. Sehemu nyingine iko katika shamba la kijiji, ekari arobaini."

"Ekari ni nini?" aliuliza Martina. "Siku mliyosoma hilo sikuwapo."

Elina alieleza, kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu mama yake alikuwa amemuuliza. Ekari ni hatua sabini kwenda mbele, alisema, na hatua sabini kwenda pembeni. Na hizo ni arobaini, zimepangwa bega kwa bega, toka barabarani hadi korongoni.

Mama yake alizipiga hatua hizo kichwani, mbele na pembeni, kama alivyozoea kulipima shamba lake mwenyewe.

"Ni pakubwa mno kwa mtu mmoja," alisema, akajivuta na kwenda kuweka sufuria chini ya tone.